Kinanda cha transista: noti zilizonyamaza ndizo zinazoonyesha pa kufungua

Kosa linaloharibu vinanda vingi vya umeme vya zamani ni haraka ya kulehemu. Mtu anafungua mgongo wa kinanda, anaona mamia ya vipuri, anaamua kubadilisha kapasita zote. Akimaliza, hitilafu ya kwanza bado ipo na ameongeza nyingine mbili. Anza na masikio. Washa, weka swichi moja tu ya futi 8 (inayotoa noti ya kibonye chenyewe; futi 4 hutoa oktava moja juu yake), bonyeza kila kibonye kuanzia chini hadi juu, na uandike kilichonyamaza na kilichotoa sauti isiyo yake.

Vinanda vingi vya transista vya miaka ya 1960 na 1970 vina osileta 12 (saketi zinazozalisha mawimbi ya sauti), moja kwa kila noti ya oktava ya juu kabisa. Noti za chini hupatikana kwa kugawa mawimbi hayo kwa mbili, tena na tena: noti A ya hezi 3520 inazaa 1760, kisha 880, 440, 220. C ikinyamaza katika oktava zote, shuku osileta yake. Ikilia oktava mbili za juu na kunyamaza kuanzia ya tatu kushuka, aliyeharibika ni kigawanyaji cha oktava ya tatu peke yake. Vya chini yake huwa vizima, vimekosa tu cha kugawa. Na zikilia zote, ila kuanzia mahali fulani ziko juu oktava nzima, kigawanyaji cha hapo kinapitisha mawimbi bila kuyagawa.

Kibonye kimoja cha C kikinyamaza huku C za juu na chini yake zinalia, weka futi 4 na ubonyeze C iliyo oktava moja chini. Sasa unasikia mawimbi yaleyale kupitia mguso mwingine (vyuma vinavyogusana kibonye kikibonyezwa). Yakilia, saketi ni nzima na mguso ndio mchafu. Safisha kwa alkoholi ya isopropili na kipande cha kadi laini. Msasa usiuguse hapo kabisa, maana unakwangua utando mwembamba wa madini bora, na baada ya hapo kutu haizuiliki.

Noti zote zikiwa dhaifu au zikivuma, nenda kwenye pawasaplai. Kwa umeme wa hezi 50, mvumo wa hezi 100 mara nyingi ni kapasita kubwa za kuchuja zilizokauka. Wa hezi 50 unaelekeza kwenye waya wa ardhi au dayodi iliyokatika. Weka kapasita yenye mikrofaradi zilezile na volti sawa au zaidi. Hapa kuna mtego: vinanda vingi vya transista za jerimani (madini ya germanium) za aina ya PNP vina chasi iliyounganishwa na upande chanya. Ukiweka hasi kwenye chasi kwa mazoea, kapasita mpya inaweza kupasuka. Fuata alama za ile uliyoitoa. (Kinanda cha valvu ni habari nyingine: huweza kuwa na volti zaidi ya 250, na kapasita zake hubaki na umeme hata plagi ikiwa nje. Zitoe umeme kupitia rezista, kisha pima.)

Kigawanyaji kinapimika kwa multimita ya kawaida. Mara nyingi ni transista mbili zinazopokezana kuwaka na kuzima, kwa hiyo kikifanya kazi, kila kolekta (mguu wa transista unaotoa mawimbi) husoma karibu nusu ya volti za saketi. Moja ikiganda karibu na sifuri na nyingine karibu na volti kamili, saketi imekwama, au haipokei mawimbi. Kujua ni lipi, sikiliza mlango wake wa kuingilia kwa amplifaya ndogo kupitia kapasita ya mikrofaradi 0.1. Kabla ya kung'oa transista, yeyusha upya risasi ya miguu yake. Ufa wa lehemu unaweza kuonekana kama transista iliyokufa.

Kapasita za poliesta za osileta ziache zilivyo kama noti inalia. Ndizo zinazoshikilia sauti, na ukiweka za seramiki za bei rahisi noti itahama kila joto likibadilika.

Tyuni mwisho, kinanda kikiwa kimewaka nusu saa. Kiini cha feraiti cha koili ya osileta kigeuze kwa bisibisi ya plastiki: ya chuma hubadilisha sauti ikiwa karibu tu, na feraiti iliyokwama hupasuka upesi.