Nilivyoingia dansi ya barakoa Venezia kwa mshahara wa kawaida

Nianze na pesa manake hapo ndo wengi huishia. Dansi kubwa za kanivali Venezia, zile za ndani ya majumba ya kale kando ya Canal Grande, mfereji mkuu wa mji, tiketi ni mamia ya euro na zile zenye majina zinapita elfu kabisa, alafu hapo bado hujavaa, na kuvaa si hiari, ukifika mlangoni na suti au gauni lako la harusi hata liwe zuri vipi huingii, lazima vazi la enzi, hasa karne ya 18, na barakoa usoni. Mimi naishi Padova, mji jirani huku huku Italia, kazi yangu kutunza wazee majumbani, kwa hivyo nilipoamua naenda ilibidi nikae chini nipige hesabu vizuri.

Kilichoniokoa ni kujua tiketi ziko za aina mbili. Wako wanaolipia chakula cha jioni, meza na mishumaa na sahani baada ya sahani, na wako wanaoingia chakula kikishaisha, saa nne au saa tano usiku, muziki ndo unaanza kukolea. Hiyo ya pili bei iko chini sana na mimi shida yangu ilikuwa dansi, kula nitakula kwangu. Alafu angalia na siku. Jumamosi na Jumanne ya mwisho ndo bei juu kabisa, mimi nikachukua usiku wa katikati ya wiki nikabadilishana zamu na mwenzangu.

Kwa asiyejua, kanivali ndo vunja jungu lao, watu wanakula na kucheza mpaka Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu kisha Kwaresima hiyo inaingia. Enzi za Jamhuri ya Venezia barakoa zilikuwa zinavaliwa tangu tarehe 26 Desemba. Mwaka 1797 Napoleon akaiangusha ile jamhuri na mambo yakazimika, hii tunayoiona leo ilifufuliwa 1979.

Sasa vazi. Kila mtu akifikiria Venezia anafikiria gauni pana la kuzuia mlango, na mimi nilikuwa hivo hivo, nikapiga simu duka moja la kukodisha nikaambiwa zaidi ya euro 300 kwa usiku mmoja na amana juu yake. Kitaliano sina shida nacho, mimi ni mtu wa Malindi na kule tumekua tukikisikia mahotelini na ufuoni kila siku, kwa hivyo nikawa napiga simu tu duka baada ya duka bila haya mpaka nikampata mama mmoja fundi, mtu mzima, akaniuliza signora, yaani bibie, wewe unataka kupigwa picha au unataka kucheza? Nikamwambia kucheza. Akasema basi vaa bauta.

Bauta ni joho jeusi refu wanaita tabarro, mtandio mweusi wa hariri unaofunika kichwa na shingo na mabega, kofia ya pembe tatu, na barakoa nyeupe ambayo chini imechongoka mbele kama mdomo wa jagi, kidevu hakishikwi. Kwa hiyo unaweza kunywa, kula na kuongea bila kuivua, na sauti yako inatoka tofauti. Hili lilikuwa vazi la wanaume na wanawake, tajiri na maskini, na wote wakisalimiana kwa jina moja tu, Siora Maschera, yaani Bi Barakoa, huwezi kujua unamsalimia mkuu wa serikali au muuza samaki. Hata kwenye Ridotto, nyumba ya kamari iliyofunguliwa na serikali yao 1638 na kufungwa 1774, wachezaji walikuwa wanaingia na barakoa. Huyo mama akinieleza haya mimi nilishakata shauri, hata kabla hajanitajia bei, na bei yenyewe ikawa chini ya nusu ya gauni.

Barakoa sikukodi, nilinunua yangu. Kila kona Venezia kuna za plastiki bei rahisi lakini ukikaa nayo masaa matano uso unalowa jasho ndani na mpira unakata masikio, mimi naomba sana ukiweza nunua ya karatasi kutoka kwa fundi mwenyewe. Wanachonga sura kwa udongo, wanatoa kalibu ya plasta, alafu vipande vya karatasi vilivyoloweshwa gundi vinapangwa humo tabaka kwa tabaka mpaka vikauke, ndo inatolewa inapigwa msasa na rangi. Inakuwa nyepesi hata unaisahau. Hawa mafundi wanaitwa mascareri na walikuwa na kanuni za chama chao tangu 1436, kazi ya karne zote hizo inauawa na plastiki na inaniuma, kwa hivyo hizo euro zangu nilizitoa kwa moyo mweupe.

Dansi nayo usiende kichwa kichwa. Mwalimu wa dansi huwepo na anaelekeza watu, lakini menueti, dansi ya zamani ya wawili wawili, ina hatua nne ndani ya mapigo sita, mwili unakataa mwanzoni. Nilijifunza kwa video, jikoni, bibi ninayemtunza amekaa kwenye kiti ananipigia makofi kuhesabu, yeye alikuwa na furaha kunishinda. Kadrili, dansi nyingine ya zamani, ni rahisi, unafuata kundi.

Usiku wenyewe baridi ya Februari pale ni ya maji, inaingia mifupani, na madaraja yote ni ngazi. Joho lina faida hapo, chini nilivaa nguo za joto mbili mbili na buti za kisigino kifupi na hakuna aliyeona. Kutoka stesheni nikachukua vaporetto namba 1, boti ya abiria ya mjini, watu wa kawaida wanatoka kazini na mifuko yao na sisi wa barakoa katikati yao, wala hakuna anayeshangaa.

Ndani jamani. Ngazi za marmari, ukumbi wa juu wenye taa za kioo za Murano, kisiwa cha mafundi wa kioo, dari limechorwa lote, wapiga vinanda pembeni. Mimi sinywi pombe, niliomba maji nikapewa kwenye glasi nzuri vile vile. Lakini kitu nitakachokikumbuka ni hiki. Miaka yote nimekaa Italia kila mtu mpya swali lake la kwanza ni natoka wapi, kwenye basi, hospitalini, dukani, hata kwa wema wananiuliza. Usiku ule nina glavu, mtandio, barakoa, na hakuna aliyeuliza. Niliongea na bauta mwenzangu muda mrefu sana, mambo ya muziki na ukungu na wajukuu zake, mwisho akaniambia wewe kwa lafudhi yako lazima ni wa Padova. Nikamwambia ndio, mimi wa Padova. Nilicheza baada ya hapo mpaka magoti yakaniuma, na nilikuwa na raha ambayo sijaipata katika nchi hii tangu nifike.

Kurudi, vaporetto ya usiku ipo, ni ile yenye herufi N, lakini treni za usiku wa manane usizitegemee, panga kubaki mpaka ile ya kwanza ya alfajiri na ujue kabisa kesho yake huna zamu. Njiani nunua fritole, andazi la zabibu linalouzwa msimu huo, uliza kwanza kama unaepuka pombe manake wengi wanatia.

Mdogo wangu yuko Bergamo na anataka twende wote kanivali inayokuja, nishamwambia aanze kuweka akiba kuanzia sasa na anitumie kipimo cha kichwa, yule mama fundi kofia anazozikodisha si nyingi na zinawahiwa mapema.