Shemeji kanyimwa hifadhi, rufaa bado ipo

Jana usiku niko barazani hapa Mikindani, shemeji kapiga toka Marekani, jaji kakataa ombi lake la hifadhi. Mtu katokea Mocímboa da Praia, Msumbiji, hapo tu ng'ambo ya mto Ruvuma, mji uliovamiwa Oktoba 2017, afu anaambiwa ushahidi hautoshi, roho imeniuma jamani. Nikamwambia shem kata rufaa, inaenda ile Bodi ya Rufaa za Uhamiaji kule Virginia, siku 30 zinahesabiwa toka jaji atoe uamuzi na fomu iwe imeshafika, kuiposti tu siku ya mwisho haisaidii kitu. Wakili wa bure serikali haimpi, ajitafutie mwenyewe, hilo ndo linaninyima usingizi. Dada na watoto tunao hapa nyumbani, bado sijawaambia.