Mbwa Aliyeitwa Askari

Baba yangu hajawahi kutamka kwamba anampenda mbwa. Ukimuuliza hata leo, akiwa mzee mwenye wajukuu 9, atakujibu kwamba mbwa ni mlinzi wa zizi, anakula ili abweke, na akiacha kubweka hana kazi. Ndiyo maana mbwa wa kwanza ninayemkumbuka nyumbani kwetu alimpa jina la Askari. Lilikuwa jina la ajira, na nadhani alilichagua makusudi ili asitokee mtu wa kumdhania mengine.

Tuliishi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, si mbali sana na mji wa Mugumu, mahali ambapo fisi kulisogelea zizi usiku halikuwa jambo la kusimuliana asubuhi. Askari alikuwa mbwa wa kienyeji, mwenye rangi ya udongo mkavu na masikio yasiyosimama wala kulala sawasawa. Hakuruhusiwa kuvuka kizingiti cha nyumba. Chakula chake kilikuwa ukoko wa ugali wa mtama na udaga, pamoja na mifupa siku ambazo nyama ilipikwa, na Mama ndiye aliyekuwa akimmwagia katika sufuria lililotoboka. Tulikuwa watoto sita wenye njaa ya watoto, na sufuria letu lilikuwa likikwanguliwa hasa. Lakini la Askari halikukosa kitu hata siku moja. Nilikuwa mtu mzima nilipong'amua kwamba ukoko ule haukuwa ukibaki kwa bahati, bali Mama alikuwa akisonga ugali akiwa amemhesabu na yeye.

(Majirani walikuwa na mtindo mwingine wa kuwapa mbwa majina. Mmoja, aliyekuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na shemeji yake, alimwita mbwa wake Hayawahusu, na kila jioni alipomwita kwa sauti kubwa ujumbe ulifika ulikokusudiwa. Mwingine alikuwa na Mtasema. Ukitukanwa na mbwa aliyeitwa tu aje kula, utamshtaki nani?)

Mwaka 1994 nilikuwa na umri wa miaka 10, na mwaka huo mbwa wengi kijijini petu waliugua. Askari alianza kwa kutokwa na usaha machoni na puani, akakohoa, akaharisha, akakataa hata mfupa, na baada ya siku kadhaa taya zake zikaanza kutetemeka kama za mtu anayetafuna kitu kisichoonekana. Dalili hizo nilikuja kuzisoma baadaye na kuzijua kuwa za distempa, maradhi ya virusi ambayo huwaua mbwa wengi wasiochanjwa. Wakati ule tulijua tu kwamba mbwa wa majirani walikuwa wakifa, na watu wenye busara zao walimshauri Baba ammalize kwa rungu asije akateseka. Baba alisema tungoje hadi siku ya mnada. Siku ya mnada ikapita, akasema tungoje unaofuata.

Alimhamishia chini ya kihenge, mahali penye kivuli na pasipofikiwa na mvua, akamtandikia gunia. Asubuhi na jioni, kabla ya kukamua na baada ya kukamua, alikuwa akichuchumaa pale na kikombe cha bati chenye uji mwepesi uliotiwa maziwa, akimnywesha kidogo kidogo pembeni mwa mdomo, akimfuta pua kwa kipande cha kanga kuukuu ambacho Mama alilalamika kuwa hakikuwa kuukuu kiasi hicho. Leo ningemzuia asiguse mdomo wa mbwa anayeugua namna ile, kwa sababu mbwa anayetokwa na mate na kushindwa kumeza anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo ukishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu ni nadra mno mtu kupona. Wakati ule hakuna aliyemzuia. Aliendelea hivyo kwa wiki tatu hivi, na mtu alipomuuliza anahangaikia nini, alijibu kwamba ni hasara kumtupa mbwa aliyekwisha kufundishwa kazi. Askari alipona, ingawa shavu moja liliendelea kumcheza hadi mwisho wa maisha yake.

Mwaka huohuo distempa iliingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na kuua takribani theluthi moja ya simba wake, na wataalamu wengi waliwanyoshea kidole mbwa wa vijiji vinavyoizunguka. Mzigo huo ni mzito kumtwisha kiumbe anayelala mlangoni pa zizi, na mimi, niliyemwona mmoja wao akinusurika kwa uji wa mtama, siwezi kuusoma mkasa huo wa simba bila kulikumbuka gunia lile chini ya kihenge.

Mtu mwingine aliyewahi kufanya alichofanya Baba nilikutana naye vitabuni. Mwaka 1914, huko Oberkassel karibu na mji wa Bonn nchini Ujerumani, wachimba mawe walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa pamoja na mbwa, kaburi lenye umri wa zaidi ya miaka 14,000. Zaidi ya miaka 100 baadaye wachunguzi waliyatazama upya meno ya mbwa yule, wakaona alama zilizowafanya wahitimishe kwamba alipata distempa akiwa mdogo, akaugua kwa wiki kadhaa, na kwamba asingeweza kuishi muda wote huo bila mtu wa kumpa maji, kumlisha na kumsafisha. Alikufa akiwa na umri wa miezi saba hivi, kabla ya kufikia umri wa kuwinda wala kulinda chochote. Hoja ya Baba kuhusu mbwa aliyekwisha kufundishwa kazi isingemsaidia mtu yule wa Oberkassel kujitetea mbele ya majirani zake, na bado alimuuguza.

Kuna jambo jingine kuhusu Askari ambalo sikulielewa hadi nilipokuwa chuoni. Nilipotoka naye kuchunga, alikuwa akitangulia mbele kunusanusa vichaka, kisha anasimama, anageuka kunitazama, halafu anaendelea. Akiwa na Baba alikwenda mbali zaidi na kuthubutu zaidi, hata kumkabili fisi. Baba akisafiri, mbwa yuleyule alilala karibu na mlango na kubwekea mbali. Mnamo 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akawatembelea akina mama 26 na watoto wao wachanga 28 katika vijiji vya karibu na Kampala, akaona kwamba mtoto anayejiamini humfanya mama yake kuwa kituo chake: hutambaa akachunguza dunia, akageuka kuhakikisha kwamba mama yupo, akaendelea. Baadaye, akiwa Marekani, Ainsworth alitunga jaribio la kupima uhusiano huo, ambapo mtoto huingizwa katika chumba kigeni, mama akatoka kwa muda, mgeni akaingia, kisha mama akarudi. Mwaka 1998 watafiti wa Hungaria wakiongozwa na József Topál walilitumia jaribio hilo kwa mbwa 51 na wenye mbwa hao. Mbwa walicheza na kuchunguza chumba zaidi mwenyewe alipokuwapo, walisimama mlangoni alipotoka, na walimlaki kwa namna tofauti na walivyomlaki mgeni. Napenda kufikiri kwamba elimu hiyo ilianza kwenye mikeka ya akina mama wa Uganda, ng'ambo ya Ziwa Viktoria tu kutoka kwetu, kabla haijafika kwa mbwa wa Ulaya.

Sasa ninaishi Tanga, ambako majirani zangu wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Sikuona ugumu kuzoea jambo hilo, kwa kuwa kizingiti cha Baba hakikuwa na msimamo tofauti sana. Mzee mmoja wa mtaani petu hamgusi mbwa kabisa, lakini kila alfajiri humwekea mbwa wa mlinzi wa jengo la pili maji katika kifuu, na aliponiona nikimtazama alinikumbusha mbwa wa Watu wa Pangoni katika Suratul Kahf, aliyenyoosha miguu yake kizingitini.

Chanjo ilifika kijijini kwetu miaka michache baada ya ugonjwa ule. Ilitangazwa kwa kipaza sauti kwamba mbwa wote wapelekwe kwenye uwanja wa shule, na asubuhi hiyo niliona foleni ambayo sijaona mfano wake: mbwa waliofungwa kamba za katani, minyororo ya baiskeli na vipande vya vitenge, na wengi wao wakiwa wameshikwa na watoto, maana mbwa wengi hawakukubali kushikwa na mtu mwingine. Ili kichaa cha mbwa kizuiwe kusambaa, inapasa angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe, kwa hiyo bwana mifugo alihitaji hata wale wakorofi. Kabla ya kuandika kadi aliuliza jina la mbwa, na pale ndipo Hayawahusu alipotajwa hadharani mbele ya shemeji mtu, uwanja ukaangua kicheko. Baba alikuja mwenyewe na Askari. Alimshika kichwa akikibana kati ya magoti, na sindano ilipoingia, yeye ndiye aliyefumba macho.

Askari alikufa kwa uzee mwaka 2001, na Baba alimchimbia shimo nyuma ya zizi bila kumwita yeyote amsaidie. Wamefuata mbwa watatu tangu hapo, na wote wameitwa Askari.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani, na Baba akaniomba nimtafutie karatasi za shamba katika sanduku lake la bati. Katika kupekua nikakuta kadi zetu za kliniki sisi watoto wote sita, zimefungwa kwa mpira, na kati ya yangu na ya dada yangu anayenifuata kulikuwa na kadi ya njano ya chanjo, iliyoandikwa Askari, dume, rangi ya kahawia. Nilimuuliza kwa nini anaitunza kadi ya mbwa aliyekufa zaidi ya miaka 20 iliyopita. Akasema ni karatasi ya serikali, na karatasi ya serikali haitupwi. Kisha akaichukua mkononi mwangu, akaipangusa kwa kiganja, akairudisha palepale ilipokuwa.