Kipo. Maji je?

Alhamisi, saa tano usiku

Dada amejifungua salama juzi, mtoto wa kike, na mwenye nyumba ameleta barua ya kodi mpya. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo ninalo neno la mama wa maandazi, limenikaa kichwani tangu Jumanne.

Ninachora ramani ya vioski vya maji vya mtaani kwetu Tandale, Dar es Salaam, ili mtu avione kwenye simu. Nilikuwa nimemaliza vioski vya maji vyote 14 kuanzia kwa Mtogole kushuka chini, nikamwonyesha kwenye simu. Kidole chake kilikuwa na unga na mafuta. Kikagusa alama ya bluu, kidirisha kikafunguka: Kioski cha maji. Kipo.

"Kipo," akasoma kwa sauti. "Na maji je, mwanangu?"

Nikamwambia kioski kipo pale pale, mama, nimesimama na simu mkononi nikakipima.

"Kipo nakiona kila siku. Nauliza maji."

Akageuza maandazi. Hakukasirika wala hakunicheka, aliuliza tu kama mtu mwenye madumu mawili matupu. Nami ile alama ya mafuta sijaifuta kwenye kioo mpaka jioni.

Kosa halikuwa la vipimo. Na hapa Tandale vipimo ndivyo vinavyosumbua zaidi. Ukisimama kati ya kuta mbili na mabati juu, mawimbi ya setilaiti yanagonga ukuta kabla ya kufika kwenye simu, na alama inaruka mita 10 au zaidi. Mita 10 huku ni kichochoro kingine kabisa, mtu atazunguka nyumba nne kukifikia kioski alichoonyeshwa kama kipo mbele yake. Kwa hiyo unasubiri duara la makosa, lile simu inaloonyesha kwamba huenda uko popote ndani yake, lishuke hadi mita 5, na lisiposhuka unatoka mahali peupe, unahesabu nyumba, halafu nyumbani unaisogeza alama kwa mkono juu ya picha ya setilaiti. Hiyo picha nayo ikaguliwe kwanza, kwa sababu mara nyingine imehama mita kadhaa. Linganisha na mistari ya matembezi yako, ile simu iliyoirekodi ukitembea, kwenye barabara pana.

Wala kosa halikuwa la ramani ya chini, ile ninayoweka alama zangu juu yake. Tandale ilichorwa mwaka 2011, na tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliingiza wanafunzi na wakazi mitaani kata kwa kata, ndiyo maana nyumba, vichochoro na mitaro tunavikuta OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, bila malipo. Mimi kazi yangu ni kupandisha tabaka langu, yaani alama zangu, juu yake kwa uMap, chombo cha mtandaoni cha kutengenezea ramani kama hizi.

Kosa lilikuwa kwenye jedwali. Safu niliyoiweka iliitwa "kipo/hakipo". Ukiuliza hivyo, ndivyo utakavyojibiwa. Kioski kilichokauka miezi mitatu nacho kipo.

Jana usiku nikalivunja jedwali lote. Sasa kila kioski kina safu hizi: name, lat, lon (jina, latitudo na longitudo; hizo tatu ziandikwe hivyo hivyo, uMap inazitambua yenyewe), kisha hali, bei ya dumu la lita 20, saa za kufungua, tarehe ya kukaguliwa, na nani kajibu: msimamizi, jirani, au nimeona mwenyewe. Kwenye hali kuna majibu matatu, yanatoka, hayatoki, sijui. "Sijui" ni lazima iwepo, la sivyo anayekusanya ataandika lolote ili asiache tupu. Tarehe inaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili jedwali lijipange lenyewe. Jina la msimamizi na namba yake ya simu haviingii kabisa, ramani iko wazi kwa kila mtu.

Mahali na jina la kioski napeleka OpenStreetMap, wengine wavitumie. Bei na maji ya leo vinabaki kwenye tabaka langu, maana vinabadilika kabla wino haujakauka.

Faili ilinigomea mara mbili. Kwanza kulikuwa na mkato ndani ya jina, "Kioski cha juu, karibu na msikiti", na faili ya CSV, jedwali lililoandikwa kwa maandishi matupu, inautafsiri mkato kama safu mpya, vyote vikasogea hatua moja. Jina likae ndani ya alama za kunukuu. Pili nilisahau alama ya kutoa kwenye lat. Sisi tuko -6.8 na 39.2. Ondoa ile alama, kioski kinahamia Ethiopia. Ukibadilisha nafasi za lat na lon, kinatua Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Ramani ikifunguka tupu, rudisha mwonekano nyuma hadi uone dunia, alama zako zitakuwa zimejikusanya mahali fulani. Na baada ya nukta acha tarakimu tano, inatosha kufikia kama mita moja.

Halafu rangi. Bluu ni maji yanatoka na kimekaguliwa ndani ya siku 7. Nyekundu hayatoki. Kijivu ni sijui, au siku 7 zimepita. Kila kundi ni tabaka lake, ili mtu azime asilolitaka.

Nilipopandisha faili mpya saa nne hii, vioski 9 kati ya 14 vikawa kijivu. Nilidhani nitaumia. Badala yake nimekaa naitazama kwa raha, nakuza, napunguza, nakuza tena. Jumamosi asubuhi mjumbe wa shina amekubali tuzunguke wote na karatasi ya A3, tuanzie hivyo 9, na mipaka ya shina lake atanionyesha palepale kwa kutembea, kwa sababu haijachorwa popote isipokuwa kichwani mwake. Kiungo cha siri cha kuhariri nimekinakili kwenye daftari. Bila akaunti, ukikipoteza hicho huwezi tena kuibadilisha ramani yako.

Nikitoka kwa mjumbe nitapita kwa mama wa maandazi.

Baba hajapokea simu tangu jana mchana. Kaka anasema Korogwe umeme umekatika, huenda chaji imeisha. Lakini jana ilikuwa siku yake ya kliniki ya presha, na kadi yake iko huku kwangu, kwenye droo.