Kumbe msitu ulikuwepo chini muda wote

Jamani nimepotea kidogo, kilimo kilinimeza. Leo niongelee lile shamba la babu kule Kongwa, Dodoma, zile ekari 3 za kando ya korongo, nilishawaambia nataka pawe msitu, siyo shamba la miti eh, msitu kabisa wa miti ya kwetu, ndege warudi na udongo uache kuondoka na maji kila mvua ikinyesha.

Mwaka wa kwanza nikafanya kama wengi tunavyofanya. Nikaenda kitaluni, nikakuta mijohoro na mikaratusi imejaa tele, migunga nikapata michache ya kubembeleza, nikabeba 300 hivyo hivyo, nikaweka vibarua wakachimba mashimo, nikapiga picha nikaposti, laiki kibao. Kikaja kiangazi sasa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, baada ya hapo jua na upepo tu, nikawa nalipa mtu alete maji na punda, mbuzi wanakula, wanachobakiza mchwa wanamalizia. Oktoba nikahesabu, mizima 41. Na karibu yote mijohoro, mti ambao asili yake ni huko Asia!

Aliyenifumbua macho ni mama mdogo. Alikuja kuchukua kuni, akasimama anaangalia mashimo yangu, akauliza, "Sasa mwanangu unahangaika kupanda nini, na miti si hii hapa?" Nikajua ananitania. Akainama akapekua kichaka kimoja, vile vichaka ambavyo mimi ndiyo nilikuwa nawaambia vibarua wafyeke. Chini yake kuna kisiki cha mgunga kipana kama beseni, kimechakaa, kina machipukizi kama 20 yamebanana hayafiki hata magotini, maana kila mwaka yanakatwa au yanaliwa. Mzizi wake upo humo toka enzi za babu, unanizidi umri.

Hii kitu Dodoma inaitwa kisiki hai, shirika la LEAD Foundation wameifundisha sana vijijini. Unachagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine unakata, yale uliyoacha unayapogolea matawi ya chini, unafunga kitambaa ili mwenye panga ajue huu una mwenyewe, halafu unalinda. Basi. Kule Niger kuna Mwaustralia anaitwa Tony Rinaudo alianza na wakulima miaka ya 1980 na leo inatajwa hekta milioni 5 zimerudi kuwa na miti, bila kitalu. Shinyanga nao toka 1986 kwenye ule mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) walifufua ngitili za Wasukuma, unatenga eneo mifugo isiingie, miti inajirudia yenyewe.

Na ukifikiria inaingia akilini, mche unaanza na kamzizi ka kidole halafu unatakiwa upambane na kiangazi, kisiki kina mizizi iliyoshafika kwenye unyevu, kwa hiyo kinarefuka haraka, na hiyo kaboni wanayoiongelea, ile ambayo mti unaivuta kutoka hewani, inaanza kujazana kwenye shina na matawi mapema. Tena Kongwa ndiyo ya kusahau mizizi jamani? 1947 Waingereza walikuja na matrekta wafyeke pori walime karanga, mizizi ya hapa ikawaharibia mashine, 1951 wakabwaga manyanga.

(Kuhusu hela ya hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo miti yako inatunza, kuna jamaa alikuja na mkataba wa kurasa kibao kwa Kiingereza, anataka saini siku ile ile. Nikamwambia aache karatasi nisome, hajarudi. Ekari 3 zenyewe sidhani hata zinamlipa mafuta ya pikipiki.)

Sasa ni msimu wa tatu. Nina visiki 160 na kitu vyenye vitambaa, migunga, mitundulu, na mikole ambayo watoto wa jirani wameshaanza kuvizia matunda. Migunga mingine imenipita kimo. Nyasi zimerudi chini yake, na mwezi uliopita nimekuta viota vya ndege vinaning'inia upande wa korongo, vitatu vinne hivi kwenye mti mmoja, mwanzoni nikadhani takataka za upepo.

Shida imebaki mbuzi wa mzee mmoja hapo juu, wanajua njia kuliko mimi. Jumapili naenda kumwamkia, nitabeba na sukari kilo 2.