Vina vya -sha

Mwaka wa 1994, nikiwa kidato cha tatu katika shule moja ya Kisumu, nilitunga shairi la beti tano kwa ajili ya tamasha la muziki, na kwa ujeuri wa ujana nikachagua bahari ya mtiririko: kina cha ndani -za, cha nje -sha, mwanzo hadi mwisho. Nilidhani sauti hizo ndizo zenye harufu ya pwani. Sikukumbuka kwamba Kijaluo, lugha niliyonyonya nayo, hakina z wala sh, na kwamba katika mishororo 20 nilikuwa nimejitegea mitego 40. Tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 uanze mwaka wa 1985 Kiswahili kilikuwa somo la lazima, kwa hiyo kuchekwa ulimi tulikuwa tumekuzoea.

Jumamosi iliyotangulia nilimghania babu, mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, wa kule Seme. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, lakini nilipofika ubeti wa pili nilikiona kidole gumba cha mguu wake, chenye pete ya chuma, kikigonga ukingo wa ala: pigo kwenye silabi ya nane, pigo kwenye ya kumi na sita.

"Nyuzi zangu ni nane na zako ni nane," akasema. "Mbona wavuta pumzi kwenye ya tano?"

Matamshi hakuyagusa kabisa.

Ukumbini, "kukuza" ikawa "kukusa" na "maisha" yakawa "maisa". Kicheko kilianzia safu za mbele. Kufikia ubeti wa tatu mwamuzi mwenyewe alikuwa ameficha mdomo kwa karatasi ya alama, nami nikanyamaza. Hapo babu, ambaye sikujua kwamba amekuja, akainuka nyuma ya wazazi na kuanza pakruok, ule utaratibu wa msikilizaji kuusimamisha muziki kwa kutoa pesa ili ajisifu yeye na watu wake. Alijisifu kwa Kijaluo, bila haraka, kana kwamba yuko kwenye ngoma ya usiku. Mwamuzi aligonga meza. Babu akamaliza sifa zake, akaja hadi jukwaani na kuweka noti ya shilingi 20 karibu na kiatu changu.

"Nimesalipa," akaniambia, ukumbi mzima ukisikia. "Endelea."