Maggini wa Yuro 4,500

Siku tatu za Cremona, Italia, naziruka. Makumbusho yake ya fidla yameshasimuliwa na wengi. Lililonishangaza lilinikuta Brescia, mwendo wa saa moja hivi kwa treni. Gasparo da Salò aliunda fidla mjini hapa hadi alipofariki 1609, na mwanafunzi wake Giovanni Paolo Maggini akaendelea hadi kama 1630. 

Katika duka moja la vitu vya kale muuzaji alinitolea "Maggini halisi" kwa yuro 4,500. Maggini wa kweli ana bei ya nyumba, tena nyumba nzuri. Nikaomba tochi.

Nilianza na ukingo. Maggini alipenda kuuzungushia nakshi ya mistari miwili sambamba, na kila mstari ni vipande vitatu vyembamba, cheusi, cheupe, cheusi, vilivyopachikwa kwenye mfereji uliochongwa kwa kisu. Kazi yake si urembo tu: ukingo ukigongwa, ufa huishia hapo usiingie ndani. Kwenye fidla ile mstari wa nje ulipachikwa. Wa ndani ulichorwa kwa wino. Ukucha ulipita juu yake bila kukwama.

Kisha nikamulika lebo kupitia tundu la sauti. Iliandikwa jina, Brescia, na mwaka 1615. Lebo za Maggini hazina mwaka! Karne ya 19 viwanda vya Markneukirchen, Ujerumani, na Mirecourt, Ufaransa, vilitoa "Maggini" kwa wingi, na lebo ilionyesha mtindo ulioigwa, wala mnunuzi wa kwanza hakudanganywa. Uongo huanza fidla ikishapita mikono mitatu minne.

Shingo ndiyo iliyomaliza ubishi. Fidla za wakati ule zilikuwa na shingo fupi, iliyopigiliwa misumari kutoka ndani. Baadaye karibu zote zilibadilishwa shingo, huku mafundi wakihifadhi kichwa cha asili, hivyo kiungo huonekana kwenye mashavu ya kisanduku cha vigingi, pale nyuzi zinapokazwa. Hii ilikuwa ubao mmoja toka kichwa hadi kisigino cha shingo. (Kiungo pekee nacho si ushahidi, wajanja hukichonga makusudi.) Kama ubishi ungebaki, mtaalamu angepima miduara ya mti, kila mmoja mwaka wa ukuaji, kwenye uso wa msonobari: duara la mwisho likiwa la 1750, marehemu wa 1630 hakuugusa.

Mgongoni, mahali nguzo ya sauti (kijiti kinachosimama ndani ya fidla) inapoegemea, palikuwa na ufa. Hata kwenye fidla halali, ufa wa hapo waweza kula nusu ya bei.

Muuzaji alishuka hadi 900. Nilikumbuka fidla za taarab Unguja, ambako msikilizaji hamulizi mpigaji lebo yake, nikamwambia 300, kwa kuwa mbao za mgongo zilikuwa nzuri. Akalifunga kasha.